Droo ya Virukanjia Sita

Nakivale, Jumapili, saa kumi jioni

Nsimire, binti yangu,

Begi lako limefungwa tangu asubuhi, na bado unalifungua kila baada ya muda kuhakikisha cheti chako kimo. Kimo. Nimekiona mara tatu. Mama yako ameshakueleza habari za chakula, za chumba mtakachopanga na mwenzako, na za watu wa mjini wanaocheka na mtu kabla ya kumjua. Sitarudia hayo. Kesho saa kumi na mbili gari litapita hapa kwenye senta, penye maduka, na Mungu akipenda, kabla ya saa nne utakuwa Mbarara.

Mimi nina jambo moja tu. Nimejaribu kulisema kwa mdomo leo mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga pasi kile kitenge mama yako alichokununulia sokoni Kikagate, ukaniambia, "Papa, sogea, unanizibia mwanga." Nikasogea. Mara ya pili hukuwa na kosa lolote, nilishindwa mwenyewe. Kwa hiyo naandika, maana unajua kwamba mimi maneno yangu hutoka vizuri zaidi mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Katika chumba cha makusanyo ya wanyama waliokaushwa unakokwenda kufanya kazi kuna droo yenye virukanjia sita. Kirukanjia unamjua, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye watu hapa humwita panya na kumuua bure. Kila mmoja wa hao sita amefungwa lebo kwenye mguu wa nyuma, na kila lebo ina mwandiko wangu. Lebo hizo zinasema uongo. Wanyama hao hawakutoka mahali nilipoandika kwamba walitoka.

Mpaka leo asubuhi niliamini kwamba siku Dokta Kansiime, mkubwa wako mpya, atakapojua, utapoteza kazi hii kabla hujaizoea. Ndiyo sababu nilinyamaza miaka miwili. Leo nimempigia simu nikamwambia. Ni haki yako kujua, kabla hujapanda gari, nilifanya nini na yeye alijibu nini.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Unajua kwamba kabla hatujakimbia nilifanya kazi kwenye kituo cha utafiti kule kwetu Kivu ya Kusini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nilikuwa na mwandiko ulionyooka, na sikuogopa kushika mnyama aliyekufa. Sifa hizo tatu zilitosha. Nilifundishwa kuchuna panya, popo na ndege wadogo bila kuchana ngozi, kuwajaza pamba, kuwanyoosha kwenye ubao kwa pini mpaka wakauke, na kuwapanga kwenye droo kama watoto waliolala mstari mmoja. Mkubwa wetu wa sehemu, tuliyemwita chef, alikuwa mzee wa maneno machache. Siku yangu ya kwanza alinipa panya wawili waliokaushwa. Mmoja alikuwa mzuri sana, hana lebo. Mwingine alikuwa amekunjamana, sikio moja limeliwa na wadudu, lakini lebo yake ilikuwa kamili. Akaniuliza nitupe yupi. Nikaonyesha yule mbaya. Akamchukua yule mzuri, akamtupa kwenye ndoo mbele ya macho yangu.

"Huyu hatuambii kitu," akasema. "Hajui alitoka wapi."

Nililielewa somo lile siku ileile. Kulielewa hakukunisaidia, kama utakavyoona.

Kabla sijafika kwenye kosa kubwa, nikuambie mawili madogo, kwa sababu yatakusaidia kuliko cheti. La kwanza ni la chupa. Tulikuwa na vyura wanne ndani ya chupa ya spiriti, kwenye rafu ya juu. Kila asubuhi niliwapitia, na kila asubuhi niliona spiriti iko palepale. Ilikuwa inapungua kwa kiasi kidogo kama kucha, kwa siku nyingi, kupitia kifuniko kilicholegea. Sikupima, niliangalia tu. Siku chef alipoishusha ile chupa, vyura walikuwa wamekauka na kugeuka rangi ya mkaa. Tangu hapo nilichora alama kwenye kila chupa kwa penseli, na tarehe. Jicho linalopita kila siku haliaminiki, mwanangu, hata kwa watu wa nyumbani. Kuna mwaka mama yako alikonda mbele yangu na mimi sikuona, mpaka dada yangu alipokuja kututembelea na kuuliza anaumwa nini.

La pili ni la mende wadogo wanaokula ngozi. Hawaji kwenye droo unayoifungua mara kwa mara. Huenda kwenye ile uliyoitengeneza vizuri ukaridhika nayo. Ukikuta unga kidogo chini ya mnyama, kama ule unaoachwa na fukusi kwenye mahindi yetu, usiufute kwanza. Uliza umetoka wapi. Mimi niliufuta, nikapanga droo upya, nikajisikia mtu safi. Nilipoteza ndege tisa.

Haya yote nilimwambia chef mwenyewe. Alinikaripia, yakaisha. La tatu sikumwambia.

Mwaka uliozaliwa wewe, watu wa utafiti walitaka wanyama wadogo kutoka kwenye mianzi, kule juu kabisa msituni ambako baridi hukaa mchana kutwa. Ilikuwa safari ya siku tano, kupanda, kutega, kukusanya na kushuka. Chef alinichagua mimi. Alikuwa na msemo wake, "Cikuru ni miguu yangu," na aliusema mbele ya wengine, na mimi niliupenda kuliko nilivyopaswa. Kwa miaka yote sikuwahi kurudi kutoka msituni mikono mitupu.

Mama yako alikuwa na mimba yako, mwezi wa mwisho. Halafu kwenye njia ya juu zilianza habari za watu wenye bunduki. Si kila siku, lakini zilikuwapo. Asubuhi ya kuondoka nilivaa buti, nikabeba mitego, nikapanda mpaka mahali njia inapoingia msituni. Nikakaa juu ya gogo. Nikakaa muda mrefu. Kisha nikarudi nyumbani.

Nataka uisome sentensi hii kwa makini. Kurudi nyumbani hakukuwa kosa. Ningeweza kwenda kwa chef jioni ile na kusema, "Nimeogopa, na mke wangu yuko karibu kuzaa." Angenuna. Labda angemtuma mwingine, labda asingemtuma mtu. Lakini miguu ya chef haiogopi, na mimi nilitaka kubaki miguu ya chef.

Jirani yetu bondeni alikuwa mama mmoja mjane, M'Bisimwa. Alikuwa na shamba la viazi vitamu linaloshuka mpaka kwenye kijito, na kila msimu alitega wanyama waliomharibia viazi. Kirukanjia hali viazi, hula wadudu, lakini mtego hauulizi. Nikamwendea, nikamwomba virukanjia wote atakaowapata wiki ile. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Papa Cikuru, hii tupanya inanuka! Paka yenyewe inakatala. Utatupeleka fasi gani?"

"Ku kituo," nikamwambia. "Watatukausha, watatuweka mu droo. Batu ya inchi zingine batakuja kutuangalia."

"Batatoka mbali, juu ya kuangalia tupanya twa mu biazi byangu?"

"Ndiyo, mama."

Akaacha kucheka. Akajifuta mikono kwenye kitenge chake, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeomba kitu asichotaka kukataliwa, "Na utaandika jina yangu kwa ile karatasi? Miye sijaenda fasi ya mbali hata siku moja. Jina yangu iende."

Nikamwambia, "Nitaandika."

Kwa siku tano alinipatia virukanjia kumi na mmoja. Niliwachuna jikoni kwetu, mama yako akiwa amelala upande wa pili wa ukuta, akinilaani kwa sababu ya harufu. Siku ya nne, Jumatano, kabla ya saa sita mchana, ulizaliwa. Nilikuwapo. Wanaume wengi wa kazi yetu hawakuwapo watoto wao walipozaliwa, na mimi nilikuwapo kwa sababu nilikuwa mahali ambapo sikutakiwa kuwa. Mambo hayo mawili yamekaa pamoja ndani yangu miaka yote hii, na sijaweza kuyatenganisha.

Siku ya sita nilikwenda kituoni na lebo zangu kumi na moja. Mahali: mianzini, sehemu ya juu. Nilisoma mwinuko wa mita kwenye ramani na kuuandika pia. Vipimo vya mwili, mkia, mguu na sikio vilikuwa vya kweli, nilipima kila mmoja mara mbili. Aliyekamata: mimi, herufi mbili za mwanzo wa majina yangu. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Chef alizitazama akasema, "Miguu yangu." M'Bisimwa hakuwa popote kwenye karatasi, ila kwenye daftari langu la kila siku.

Aliniuliza baadaye, mara moja tu. "Uliandika?" Nikasema, "Niliandika." Akafurahi, akaniletea viazi kwa ajili yako na mama yako. Tulipokimbia hatukuweza kuaga mtu. Sijui yuko wapi wala kama yuko.

Usije ukajiwekea mzigo kwamba baba yako alidanganya kwa sababu yako. Hapana. Lebo ya bondeni, shamba la viazi la M'Bisimwa, ingekuwa lebo nzuri kabisa. Ingesema kweli kuhusu bonde. Wino ungekuwa uleule na kazi ingekuwa ileile. Nilidanganya kwa ajili ya msemo wa mtu mwingine.

Miaka ikapita, tukafika hapa Uganda kama wakimbizi, tukapewa kiwanja, tukapanda mahindi na maharage, ukakua. Sikufikiria virukanjia tena, au niliwafikiria kama mtu anavyomfikiria jirani aliyegombana naye katika nchi nyingine. Kisha miaka miwili iliyopita Dokta Kansiime akaja na wanafunzi wake kutega panya kwenye ghala za mahindi za kijiji chetu. Wewe ulikuwapo, lakini hukujua ulichokuwa unakiona, kwa hiyo nakusimulia tena.

Msichana mmoja mrefu, mwanafunzi, alikuwa anachuna panya juu ya meza, na mkia ulikuwa unataka kukatika. Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Nikasema, "Dada, usivute ngozi. Shika ngozi, uvute mfupa." Akafanya hivyo, mfupa ukatoka mzima kama uzi kwenye sindano. Dokta akageuka.

"Mzee! Wewe najua hii kazi?"

"Kidogo, Dokta."

"Kidogo gani? Nani alifundisha wewe?"

Nikamtajia kituo. Akavua glavu, pole pole, kidole kimoja kimoja. Akasema kwamba zamani kituo chetu kilibadilishana wanyama na vituo vingine, na kwamba sita wa kutoka mianzini wako Mbarara, kwenye droo yake. Alikuwa amewatumia kwenye maandishi yake makubwa ya shule. "Ile mwandiko ya kusimama kama miti ya ua," akasema. "Ni wewe?"

Nsimire, pale ndipo ningesema. Kulikuwa na nafasi kubwa kama mlango wa kanisa. Wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu, unanitazama kama hujawahi kuniona. Maisha yako yote ulikuwa umeniona nikilima, nikipanga foleni, nikijaza fomu. Nikasema, "Ni mimi."

Hilo ndilo kosa la pili, na kwangu ni zito kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya kijana. Hili nililifanya na mvi zangu.

Kuanzia siku hiyo ulianza kuniuliza maswali na kutamani kazi kwa Dokta, na nilikufundisha kila nilichojua. Ilikuwa furaha yangu kubwa tangu tufike nchi hii, na chini yake kulikuwa na ule unga unaotoka kwa wadudu. Barua ya kukuita kazini ilipokuja mwezi uliopita, mama yako alipiga vigelegele mpaka Warundi wa nyumba ya pili wakaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nilitoka nje. Nilikuwa nimeona mbele. Wiki ya kwanza ungefungua ile droo, ungeona mwandiko wa baba yako, ungewaita wenzako, ungesema, "Njooni muone." Ningeweza kuvumilia kuaibika. Hilo la wewe kujivunia lebo zile za uongo sikuliweza.

Leo baada ya misa nilimwambia mama yako kila kitu, nikitegemea ashangae. Aliendelea kuchambua maharage.

"Mimi nilikuwa mu ile nyumba," akasema. "Ulilala kwetu siku zote tano. Ulifikiri nilikuwa nazani uko mu mianzi?"

"Na hukusema?"

"Nilikuwa na mutoto wa kuzaa, Cikuru. Mambo ya tupanya ilikuwa yako."

Basi nikaenda kwenye kibanda cha kuchajia simu, nikasimama nyuma yake ambako sauti haifiki kwa watu, nikampigia Dokta. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisiyakwepe. Niliyasoma. Mahali si mianzini. Mahali ni bondeni, shamba la viazi. Aliyekamata si mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, ngoja," akasema. "Ngoja kidogo." Nikangoja. "Mimi niliandika kitu hiyo. Nilisimama mbele ya watu nikasema hii mnyama nafika mpaka kwa mianzi. Miaka saba mimi nasema hivyo."

"Najua, Dokta. Nisamehe."

"Kusamehe iko kazi ya kesho. Leo mimi nataka kujua: iko ngapi? Sita yote?"

"Sita yote. Kumi na mmoja, ukihesabu na wale waliobaki kule."

"Na wewe iko na daftari? Ya siku ile ile? Si ya kukumbuka?"

"Ya siku ileile."

Akashusha pumzi. Kisha nikauliza lililonifanya ninyamaze miaka miwili. Nikasema, "Dokta, na mtoto? Ulimchukua kwa sababu yangu. Sasa je?"

Mwanangu, alicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, bado alikuwa na hasira, lakini alicheka.

"Kwa sababu ya wewe? Mzee, wewe najipenda! Mimi sikuchukua yeye juu ya wewe. Mimi nilichukua yeye juu ya popo."

Nilisahau kabisa yule popo. Nadhani na wewe hukujua kwamba alifika mbali hivyo. Ulimkuta amekufa kwenye darasa, ukatafuta spiriti ukakosa, ukaenda kununua waragi kwenye senta, ukamtumbukiza humo. Jioni nzima mke wa katekista alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Mutoto wa Cikuru ameanza kulewa, na amenunua kwa chupa yake mwenyewe!" Mama yako ilibidi amwonyeshe popo ndani ya chupa, na yule mama akapiga ishara ya msalaba, akasema afadhali ungekunywa. Popo huyo ulimpeleka kwa Dokta kupitia mwanafunzi wake mmoja.

"Mimi napata wanyama kutoka kwa watu wengi," Dokta akaniambia. "Kila mtu naandika tarehe ya kufa, saa ya kufa, kama yeye alikuwa hapo. Mtoto yako aliandika: 'Nimemkuta chini ya benchi la tatu, Jumatatu asubuhi. Sijui alikufa lini.' Sijui! Nilisoma hiyo neno nikasema, huyu ndiye mimi nataka kwa droo yangu."

Nimesimama nyuma ya kibanda kile muda mrefu kuliko nilivyokaa juu ya gogo. Miaka miwili nimelinda kazi yako kwa kunyamaza, na kazi hiyo haikuwa yangu kuilinda. Hukuingia kwa jina langu. Nilifurahi na nikaumia, na sitakudanganya ni kipi kilitangulia.

Mwisho akasema, "Ambia yeye leo. Kama yeye nakuja bila kujua, mimi nitaambia yeye, na hiyo itakuwa mbaya kwa wewe. Akikataa kuja, nitaelewa. Akikuja, kazi yake ya kwanza iko ile droo. Na akuje na daftari. Kale, sawa, mzee." Akakata.

Hivyo ndivyo ilivyo. Mlango uko wazi, lakini ukiupita, kazi ya kwanza ni kumsahihisha baba yako mbele ya watu usiowajua. Hulazimiki. Ukiamua kesho kubaki, nitamwambia Dokta mwenyewe, na mahindi yapo. Lakini ukienda, ngoja nikuambie kazi hiyo inavyofanywa, maana hili nalijua.

Lebo ya zamani haitolewi, hata ikiwa ya uongo, hata ikiwa ya aibu. Usiikate uzi, usiifute, usiandike juu yake. Lazima ikae, ili mtu atakayekuja baada yako ajue watu waliamini nini na kwa muda gani. Unaandika lebo mpya, ndogo, kwa wino usiotoka kwa maji, unaifunga kwenye mguu uleule kando ya ile ya kwanza. Kisha unaandika kwenye rejesta. Ni hayo tu. Katika kazi yetu hakuna njia nyingine ya kusahihisha, na mimi niliitumia njia hii miaka kumi na miwili kule kituoni bila kufikiri kwamba ingenihusu.

Mama yako amepita sasa hivi nyuma yangu. "Unaandika barua ao unaandika Biblia? Mutoto anataka kula." Nakaribia kumaliza.

Daftari limo ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na barua hii. Ni lile la jalada la kijani. Sikuchana kurasa, maana kurasa zilizochanwa haziaminiwi. Ndani utakuta pia mambo ambayo sikuandika ili yasomwe: hofu yangu njiani, ugomvi wangu na mama yako, na siku ile ya Jumatano, ambayo imeandikwa kwa mistari miwili, wa kwanza virukanjia wawili na vipimo vyao, wa pili wewe na uzito wako. Dokta atausoma ukurasa huo, na wengine watausoma. Nimekubali. Nilijaribu kukupa nakala iliyonakiliwa vizuri, nikaona ninaanza tena.

Kwenye kila lebo andika hivi: Mahali palipoandikwa si sahihi. Mahali halisi: bondeni, shamba la viazi vitamu. Aliyekamata: M'Bisimwa. Chanzo: daftari la aliyechuna na kuandika lebo ya kwanza, Bosco Cikuru, ambaye amekiri. Jina langu liandike lote, herufi mbili hazitoshi. Jina la M'Bisimwa liandike kwa mwandiko wako mzuri kuliko wote ulio nao. Kisha weka jina lako na tarehe ya siku utakayoandika.

Watakuuliza kama huyo Cikuru ni nani kwako. Jibu utakavyo. Lebo yenyewe ni ndogo, upana wa vidole viwili, na haina nafasi ya kusema kwamba ni baba yako. Usiitafute.

Kwenye barua nafasi ipo.

Baba yako,
Bosco Cikuru